Mjamzito anunue nini kabla ya kujifungua katika miji ya Mlima Kenya

Kwa miaka mingi, familia ya Nyeri iliyotaka nguo mpya za mtoto mchanga ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuzitafuta katika maduka ya nguo ya mjini, zilikotundikwa kando ya sare za shule na mablanketi. Ya pili ilikuwa kupanda matatu hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 150 hivi, na kuingia Barabara ya Biashara, ile iliyoitwa Indian Bazaar wakati wa ukoloni na ambayo hadi leo inajulikana kote nchini kwa maduka yake ya vitu vya watoto.

Siku hizi Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru zina maduka yanayouza nguo za wajawazito na mahitaji ya vichanga pekee, kuanzia sidiria za kunyonyeshea hadi vigari vya kusukuma. Wingi huo wa bidhaa umeleta tatizo lake. Mama anayetarajia mtoto wa kwanza huingia dukani na orodha aliyopewa kliniki, akatoka na mzigo ambao sehemu kubwa yake haitahitajika, ilhali kitu kimoja au viwili vya lazima vimesahaulika. Katika nyanda za baridi kama hizi, kusahau huko kunaweza kumdhuru mtoto saa chache tu baada ya kuzaliwa.

Baridi kwanza

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900. Kati ya Juni na Agosti ukungu hutanda tangu alfajiri, na zipo siku ambazo jua halionekani kabisa. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa kuwa mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na kiwiliwili. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kichanga apanguswe mara moja, awekwe kifuani pa mamake ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Hivyo basi, vitu vya kwanza kununuliwa ni vile vya bei ya chini zaidi dukani: kofia mbili au tatu za pamba, soksi, fulana laini zinazofungwa ubavuni au kifuani, na shali mbili zenye joto. Kanuni rahisi ni kumvisha mtoto tabaka moja zaidi ya zile anazovaa mtu mzima aliye katika chumba hicho hicho. Tabaka kadhaa nyembamba za pamba huhifadhi joto vizuri kuliko vazi moja zito, tena ni rahisi kumvua moja mchana jua likichomoza. Kumfunika mtoto kupita kiasi nako kuna hatari yake. Kifua au shingo yenye jasho ni ishara kwamba amezidiwa na joto.

Sweta na kofia za kufumwa zina heshima yake katika eneo hili. Kinamama wa vikundi na wenye vyerehani vya kufuma huziuza sokoni na madukani, na huko Nanyuki kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers, kilichoanzishwa mwaka 1977, kimejipatia jina kwa kusokota na kufuma sufu ya kondoo. Mnunuzi achunguze mambo mawili kabla ya kulipa. Matundu makubwa ya ufumaji hunasa vidole vya mtoto, na uzi uliolegea ndani ya soksi unaweza kuzunguka kidole cha mguu na kukifunga damu bila mtu kutambua. Utepe wa kufunga shingoni, hata ukiwa wa kupendeza namna gani, ni afadhali ukatwe. Sufu yenyewe isigusane na ngozi. Ivaliwe juu ya fulana ya pamba.

Nepi ni suala la hesabu na majira. Nepi za kitambaa kumi na mbili humtosha mtoto aliyezaliwa Januari, kwa kuwa zikifuliwa asubuhi hukauka mchana. Mtoto wa Julai huhitaji karibu maradufu, kwa sababu nepi huweza kukaa kwenye kamba siku mbili zikiwa bado na unyevu. Nepi mbichi huleta vipele na pia humtia mtoto baridi. Wazazi wengi huchanganya: za kitambaa mchana, za kutupwa usiku.

Kuhusu nepi za kutupwa, masoko ya eneo hili yamejaa zile zisizo na pakiti, zinazopangwa kwa mafungu na kuuzwa kwa bei nafuu. Hazina nembo ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), wala haijulikani zimehifadhiwa wapi. Pakiti ndogo iliyofungwa, hata kama ni ya nepi chache, ni afadhali. Bei ya bidhaa hii iliwahi kuingia katika siasa za taifa: Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa mazingira ambao ungeziongezea nepi gharama, lakini mswada huo ukaondolewa Juni 2024 kufuatia maandamano ya vijana.

Kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote ya dukani ni jiko la makaa, na ndilo linalopaswa kutajwa kwa sauti kubwa. Katika miezi ya baridi, jiko huingizwa chumbani ili mama na mtoto wapate joto, milango na madirisha yakafungwa. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Familia isiyo na hita ya umeme itumie fedha zake kwa shali ya ziada na mablanketi ya mama, na mtoto aliye macho akae kifuani pa mama. Jiko likiwashwa, liwashwe nje au mlango ukiwa wazi, na litolewe kabla ya kulala.

Nguo za mama

Vazi la uja uzito lililoenea zaidi milimani ni lile lililotoka pwani: dera. Ni pana, halibani tumbo, na mama huendelea kulivaa baada ya kujifungua. Upungufu wake ni kwamba kitambaa chake chepesi kilikusudiwa joto la Mombasa na Lamu. Huko Nyeri huvaliwa juu ya taiti za wajawazito na chini ya sweta, jambo ambalo lingemshangaza mshonaji wa kwanza wa vazi hilo.

Walimu, makarani wa benki na wauguzi huhitaji mavazi rasmi. Suruali na sketi zenye mkanda mpana wa mpira tumboni hupatikana katika maduka maalumu, ingawa fundi cherehani hodari anaweza kuweka mkanda wa aina hiyo kwenye sketi ambayo mama tayari anayo. Kwa vazi litakalovaliwa miezi minne tu, njia hiyo ya fundi ina maana zaidi. Sidiria ya kunyonyeshea inunuliwe karibu na wiki ya 36. Ikinunuliwa mapema sana itabana maziwa yatakapoingia, na matiti yanayobanwa huweza kuvimba na kuuma.

Miguu nayo huvimba katika miezi ya mwisho, na wengi hununua viatu vya saizi kubwa zaidi. Hilo ni la kawaida likitokea polepole na kupungua baada ya kupumzika. Hata hivyo, pete ikikataa ghafla kuvuka kidole, uso ukavimba, kichwa kikauma sana au macho yakaona vimulimuli, safari si ya dukani tena. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la uja uzito, na mama afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Lini, na kwa mpangilio gani

Katika jamii nyingi za Kenya kumnunulia mtoto nguo kabla hajazaliwa huonekana kama kujitakia mkosi. Wazee hawakuwa wajinga. Wakati ambapo vichanga wengi walifariki, kabati lililojaa nguo lilimzidishia mama majonzi. Lakini desturi hiyo ilitegemea uzazi wa nyumbani, ambako shangazi na majirani walikuwa karibu na kila kitu. Hospitali nyingi za umma humtaka mama aje na vyake, na baba anayetumwa dukani usiku wa manane hupata milango imefungwa. Tena si kila mtoto hungoja miezi tisa itimie. Suluhisho la kati ni kununua vitu vichache vya lazima kufikia wiki ya 32, kuvifua, kuvipiga pasi, kuviweka katika mfuko mmoja, na kuacha mengine yote hadi mtoto awasili.

Mfuko huo uwe na leso mbili au tatu, pedi za uzazi, pamba, beseni, sabuni, gauni la kulalia linalofunguka mbele, ndara, nguo za kichanga zilizotajwa, nepi, kitambulisho na kijitabu cha kliniki. Leso ndiyo kifaa chenye kazi nyingi kuliko vyote: hutandikwa, hufunika, hukausha, na hufunga mtoto kifuani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hutunzwa kwa njia hiyo hiyo ya kufungwa kifuani, ambayo madaktari wa Bogotá, Kolombia, waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 walipopungukiwa na mashine za kutia joto.

Kabla ya kitanda cha mtoto kulipiwa, bima ilipiwe. Mpango wa Linda Mama, ulioanzishwa 2016, haupo tena kwa jina hilo. Tangu Oktoba 2024 NHIF ilipopisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), huduma za uzazi hutolewa chini ya Linda Jamii. Kujiandikisha pekee hakutoshi, mchango lazima uwe umelipwa. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, kiasi kinachoweza kuishia kwenye kigari cha kusukuma ambacho njia za mawe na matope za Othaya au Mukurwe-ini hazitakiruhusu kupita. Mbeleko, au ngoi kama Wakikuyu wanavyoiita, haijapata mpinzani katika miteremko hiyo.

Vya kuachwa dukani

Sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama inapiga marufuku kutangaza maziwa ya kopo ya vichanga, chupa za kunyonyeshea na chuchu bandia. Duka linalobandika bango la bidhaa hizo, au kutoa punguzo la bei ili kuzivumisha, linakiuka sheria. Mama anayerudi kazini baada ya likizo ya miezi mitatu, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kwa malipo kamili, atafaidika zaidi na kifaa cha kukamulia maziwa na kikombe kidogo kinachosafishika kwa urahisi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya jokofu, na siku nne ndani yake. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea.

Vigari vya kumfunzia mtoto kutembea vilipigwa marufuku Kanada mwaka 2004 kwa sababu ya ajali za ngazi, ilhali hapa huuzwa bila onyo. Mito na matandiko manene ya kuzungushia kitanda yana hatari ya kumziba mtoto pumzi. Alale chali, juu ya godoro gumu lisilo na kitu kingine.

Mitumba haina ubaya wowote, na soko la Karatina lina nguo za vichanga ambazo hazijavaliwa zaidi ya mara mbili tatu, kwani watoto hukua upesi. Anayefika robota linapofunguliwa hupata zile ziitwazo kamera. Zifuliwe kwa maji moto na kupigwa pasi, na vifungo vijaribiwe kwa kuvutwa.

Nguo za saizi ya kichanga zisizidi seti sita. Kinamama wa kikundi au wa kanisa watakapokuja kumwona mtoto kwa itega, wataleta uji, unga, sabuni na nguo, na nyingi zitakuwa za saizi ile ile ndogo iwapo hakuna aliyewadokezea mapema. Dada au shemeji wa mzazi anaweza kumnong'oneza mwenyekiti wa kikundi kwamba zinazohitajika ni za miezi sita na kuendelea.