Chujio la mchanga: ju ya nini maji yanakimbilia njia moja

Ndoo ya mchanga ikijazwa vibaya, maji hayapiti sawa kila fasi. Yanatafuta njia nyepesi: ufa wa katikati ao pembeni, ju hapo chembe hazibanani vizuri na ukuta laini wa ndoo. Yanatoka mbio, yamegusa mchanga kidogo tu, na uchafu unapita nayo. Hata bomba za maabara za kutenganisha kemikali zina shida ileile: zikipakiwa vibaya, vitu vinatoka vimechanganyika.

Namna ya kuzuia: mchanga uoshwe, uchekechwe ili chembe zilingane, kisha umwagwe kidogo kidogo ndani ya maji ili hewa itoke. Juu yake weka sahani yenye matundu, maji yasichimbe shimo. Yakianza kutoka mbio kuliko kawaida, panga mchanga upya.

Kwa Kasulo kuna onyo. Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakaaji wa mtaa huo, zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi mwilini. Vumbi la mtaa lilikuwa nayo pia. Kobalti ikiyeyuka majini haionekani, na mchanga peke yake si wa kutegemea kuiondoa, hata ukipakiwa vizuri.