Huzuni Isiyotamkwa: Usimulizi na Hisia katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Utangulizi

Uhakiki wa tenzi za Kiswahili umeelemea, kwa muda mrefu, pande mbili. Upande mmoja umejishughulisha na historia ya matini: ni nani aliyetunga, katika mwaka gani, na hati zilinakiliwa na nani. Upande wa pili umejishughulisha na mafunzo: dini, maadili na nasaha. Baina ya pande hizi suala la hisia limeachwa yatima. Mwanafunzi anayeulizwa mtihanini kuhusu Utenzi wa Fumo Liyongo aghalabu huorodhesha dhamira, kama vile usaliti, tamaa na ushujaa, bila ya kueleza kwa nini msikilizaji anayeujua mwisho wa kisa bado huguswa anapousikia tena.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Hoja kuu ni kwamba hisia katika utenzi huu haikai katika maneno ya msimulizi, ambaye ni nadra kulalama, bali hukaa katika mgawanyo wa maarifa: nani anajua, nani hajui, na nani anajua lakini anatenda kana kwamba hajui. Hoja hii itafuatwa katika matukio matatu: mkate wa gerezani, sindano ya shaba, na maiti iliyopiga goti kisimani.

Matini na Umbo Lake

Kisa cha Liyongo ni kikongwe kuliko utenzi wenyewe. Kuhusu zama za shujaa huyu wataalamu wametofautiana, baadhi wakimweka katika karne ya 12 na wengine wakimleta hadi karne ya 17. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha masimulizi ya kisa hiki kwa nathari katika Swahili Tales. Utenzi unanasibishwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, bingwa wa hati, mchongaji na mwanamuziki, na tarehe yake ni mwaka 1913. Baadaye Lyndon Harries aliuingiza katika mkusanyo wake wa 1962, na M. M. Mulokozi akauhariri upya katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999.

Historia hii ina maana kubwa kihakiki. Hadhira ya Kijumwa ilikuwa imekwisha kukijua kisa. Mtunzi hakuweza kuitegemea taharuki ya kawaida, ile ya kutojua litakalotokea. Ilimbidi atafute taharuki ya namna nyingine, nayo ni ile ya kumtazama mhusika akilielekea jambo ambalo msikilizaji analijua tangu utotoni.

Umbo la utenzi lilimfaa kwa kazi hiyo. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachodumu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwendo huu haubadiliki. Karamu, safari, mauaji na kilio vyote hupita kwa hatua zile zile, na kina cha mwisho hurejea kila mara mithili ya wimbi linalopiga ufukwe mmoja. Kwa hiyo mtunzi hana nafasi ya kupaza sauti palipo na huzuni. Uzito hauna budi kutoka kwenye tendo lenyewe.

Mkate wa Wishwa

Liyongo amefungwa gerezani kwa amri ya Sultani wa Pate, anayeuogopa umaarufu wake. Mamake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada. Walinzi hukila kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa mafumbo ya wimbo: mamake aoke mkate mzuri kwa ajili ya walinzi, na mkate wa wishwa ambao ndani yake mtafichwa tupa. Walinzi wanauchukua mkate mweupe na kuudharau ule wa wishwa. Usiku, katikati ya ngoma ya gungu aliyoiomba kabla ya kuuawa, Liyongo anakata minyororo huku kelele za ngoma zikiifunika sauti ya tupa.

Wahakiki wengi hulitaja tukio hili kama kielelezo cha werevu. Lakini hapa pana jambo zaidi ya werevu. Mama na mwana hawaonani hata mara moja. Wanazungumza kwa unga na chuma. Upendo wa mama hautajwi, ila mkono wake unahisika katika kila donge la wishwa. Msikilizaji anajua, mama anajua, Liyongo anajua; walinzi peke yao hawajui. Mgawanyo huu huzaa furaha, kwa kuwa maarifa yako upande wa wale wanaopendwa. Mtunzi anaijenga furaha hii ili aje kuibomoa.

Sindano ya Shaba

Katika tukio la pili maarifa yanageuka kuwa sumu. Mwana wa Liyongo, aliyezaliwa na mama wa Kigala, ameahidiwa na Sultani kuozwa binti yake endapo ataigundua siri ya kifo cha babake. Kijana anamwendea babake na kumwuliza, kwa maneno ya mapenzi, ni kitu gani kiwezacho kumdhuru. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa na amehadaiwa; anamwonya kuwa atakuja kujuta. Hata hivyo anamwambia: ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Kwa nini anasema? Utenzi haujibu, na katika kutojibu huko ndimo hisia ilimo. Laiti mtunzi angeeleza kwamba baba alishindwa na mapenzi, au kwamba shujaa alichoka kukimbia, msikilizaji angepokea maelezo na kutulia. Kimya cha msimulizi kinamlazimisha msikilizaji ajiulize mwenyewe. Balladi ya Kiskoti ya Edward, iliyochapishwa na Thomas Percy mwaka 1765, nayo inahusu mwana aliyemwua babake, na nayo haina msimulizi anayelia. Lakini balladi hiyo huificha habari ya mauaji na kuifichua polepole kwa maswali ya mama na majibu ya mwana. Utenzi haufichi chochote. Baba, mwana na msikilizaji wote wanajua, na bado hakuna anayeweza kulizuia jambo.

Mtunzi hamfanyi kijana kuwa zimwi. Anapomkuta babake amelala, hofu inamshinda na siku zinapita. Sultani anampelekea barua ya kumhimiza: karamu ya harusi iko tayari na vyakula vitaharibika. Mizani ya kitisho hiki imo katika ukawaida wake. Upande mmoja uhai wa baba, upande wa pili chakula kinachochacha. Hapa msikilizaji humchukia kijana na kumhurumia kwa wakati mmoja, na hisia hizo mbili haziwezi kutenganishwa kwa kutaja dhamira ya "tamaa" peke yake.

Kisimani

Liyongo, akiwa amechomwa, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufa katika hali hiyo. Watu wanaogopa kuteka maji, kwani wanadhani yu hai na amekasirika. Mji unapata kiu. Mamake anaombwa aje kumtuliza, naye anakuja kumbembeleza mwanawe kwa tungo. Hajibiwi. Siku zinapita hadi maiti inapoanguka, na sindano kuonekana kitovuni.

Hiki ndicho kilele cha mgawanyo wa maarifa. Mama, ambaye gerezani alikuwa mshirika wa siri, sasa ndiye asiyejua. Wimbo uliomwokoa mwanawe zamani unarudi, safari hii ukitoka kwa mama kwenda kwa mwana, na hauna wa kuupokea. Mtunzi hahitaji kutamka kwamba mama alihuzunika. Tukio la mkate limekwisha kuifanya kazi hiyo, na msikilizaji anayelikumbuka ndiye anayelia.

Hitimisho

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970, alitilia shaka kuwako kwa utendi simulizi barani Afrika na akazihesabu tenzi za Kiswahili upande wa maandishi. Isidore Okpewho alimjibu mwaka 1979, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya iwapo utanzu huu upo. Uchambuzi uliotangulia unaonyesha kwamba swali la jinsi utanzu unavyofanya kazi lina uzito usiopungua lile la kuwako kwake. Utenzi wa Fumo Liyongo umeandikwa, lakini nguvu yake inategemea hadhira ya masimulizi, inayokijua kisa na inayokumbuka.

Kwa ufundishaji, tokeo lake ni dhahiri. Utenzi unaofundishwa kwa dondoo na orodha ya dhamira hupoteza kile kile kilichoufanya uhifadhiwe, kwa sababu kisima hakina maana bila ya mkate. Kijana mwishowe anakosa mke aliyeahidiwa, anatengwa na kufariki kwa maradhi. Hilo ni funzo, na utenzi unalitaja upesi. Uliokaa nalo kwa muda mrefu ni mama aliyesimama kisimani akimwimbia asiyesikia.