Amri Kumi za Merker
Wapo wanaosema Wamasai wa Ngorongoro ni ndugu wa Wayahudi. Dai hili lilichapwa zamani: Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani, alitoa Die Masai mjini Berlin mwaka 1904. Humo Wamasai ni Wasemiti, na wana amri kumi zinazofanana na za Torati. Zinafanana mno, jamani! Sasa msimulizi ni nani? Masimulizi hayo tunayapata kwa Kijerumani, sauti yake imemezwa. Mwaka 1905 Hollis, mkoloni vilevile, alichapa katika The Masai hadithi kwa Kimasai chenyewe pamoja na tafsiri. Hapo mzee wa Ngorongoro akisomewa, anaweza kubisha. Kwa Merker atabishana na nani, Musa au afisa?