Bakteria Wanaovunja Lignini katika Mabaki ya Mazao

Lignini ni gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mmea na kuupa ugumu. Ndiyo inayolifanya bua la mahindi lisimame wima hadi mavuno, na ndiyo inayolichelewesha kuoza baada ya hapo. Kwa sababu ya ugumu huo, wakulima wengi huamua kuyachoma mabua shambani, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo hupotea pamoja na moshi.

Selulosi, ambayo nayo imo kwa wingi katika mabua, ni mnyororo wa sukari wenye viungo vinavyofanana. Kimeng'enya kinachokata kiungo kimoja hukata na kinachofuata. Lignini haina mpangilio huo. Ni wavu uliofumwa kwa viungo vya aina nyingi, hivyo huvunjwa kwa kuunguzwa kikemikali, kidogo kidogo, kwa msaada wa oksijeni.

Kwa miaka mingi sifa ya kazi hiyo ilipewa fangasi wanaoozesha miti, na kwa hakika bado ndio hodari zaidi. Hata hivyo, mwaka 2011 watafiti wa Uingereza na Kanada walieleza kimeng'enya kiitwacho DypB, ambacho bakteria wa udongoni Rhodococcus jostii hukitumia kushambulia lignini. Jamii ya Streptomyces nayo hufanya kazi hiyo, ilhali Pseudomonas putida hula vipande vidogo vilivyokwisha kuvunjwa. Katika maabara bakteria huyo amewezeshwa kuvigeuza kuwa malighafi ya plastiki.

Suala la oksijeni lina uzito katika uzalishaji wa bayogesi. Huko Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mkonge, zao ambalo takriban asilimia 4 tu ya jani lake hupatikana kama singa. Ndani ya mtambo wa aina hiyo hakuna hewa. Sukari hugeuka gesi, lakini lignini hutoka karibu kama ilivyoingia. Masalia yake yanapaswa kurundikwa penye hewa ili kazi iendelee.

Mkulima hahitaji kununua bakteria hao, kwa kuwa tayari wamo katika udongo na samadi. Anachopaswa kuwapatia ni mazingira. Mabua yakatwekatwe vipande vifupi, yachanganywe na samadi au majani mabichi ili kila sehemu 30 za kaboni ziwe na sehemu moja ya naitrojeni, kisha yanyeshewe. Konzi ya mchanganyiko ikikamuliwa, mkono ulowe bila maji kutiririka. Rundo likifikia nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi linafanya kazi vizuri. Likizidi 70 bakteria wengi hufa, na dawa yake ni kuligeuza. Kugeuza ndiko pia kunakoingiza oksijeni, na ni kazi inayorukwa mara nyingi kwa kuwa inachosha.

Lignini haitakwisha yote, wala si hasara, kwani inayobaki huwa sehemu ya mboji inayoshika maji na virutubisho udongoni. Mabua mabichi yasifukiwe siku chache kabla ya kupanda. Bakteria watakaoyashambulia huchukua naitrojeni ya udongo kwa matumizi yao, na miche ya mahindi hugeuka njano.