Maulidi ya Irbil na Nyumba za Mayatima



 

Kila unapokaribia mwezi wa Rabiul Awwal, ambao wazee wetu wameuita Mfungo Sita, watoto wa madrasa huanza kutuuliza maswali. Wengi hutaka kujua kanzu na buibui za sherehe zitashonwa lini, na nani atapewa kusoma mlango upi wa Barzanji. Wachache, hasa walioko sekondari, huuliza lililo gumu zaidi: sherehe hii ilianza wapi, na nani aliianza? Na wazazi nao huuliza, baadhi yao kwa kutaka kujua, na baadhi yao kwa kutaka ubishi.

Kuhusu hukumu yake, ndugu zetu, hatutaingia huko leo. Imam al-Fakihani, aliyefariki mwaka 734 H, aliandika kuipinga. Imam as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 H, aliandika kumjibu na kuitetea. Mjadala wenye umri wa karibu miaka 700 hautamalizwa na ukurasa wetu huu mdogo. Tunachotaka ni kueleza historia, na historia hiyo inatupeleka katika mji mmoja ambao wasomaji wetu wengi huenda hawajausikia.

Watawala wa Kifatimi wa Misri walikuwa na sherehe ya kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.), lakini ile ilikuwa zaidi ni shughuli ya ikulu. Mwanahistoria Abu Shama anataja kuwa katika mji wa Mosul alikuwepo mtu mwema, Sheikh Umar al-Malla, aliyekuwa akiisoma Maulidi, na kwamba mtawala wa Irbil alimfuata yeye. Ni huko Irbil ndiko Maulidi ilipokuwa sherehe ya mji mzima, wenyeji na wageni, matajiri na mafakiri.

Irbil iko kaskazini mwa Iraq ya leo, mashariki ya Mosul. Ngome yake imekaa juu ya kilima kirefu, na chini ya kilima, kwenye tambarare, ulikuwepo mji wa chini. Mwanachuoni wa jiografia Yaqut al-Hamawi ameuelezea vizuri. Anasema watu wake wengi walikuwa Wakurdi walioingia katika Uarabu, kwamba haukuwa na mto unaopita ndani yake, maji yakiletwa kwa mifereji ya chini ya ardhi, na kwamba kwa majengo yake ulifanana zaidi na vijiji kuliko miji. Yaani ulikuwa mji mdogo kando ya ngome, mfano wa vitongoji vyetu tunavyovijua. Kisha akaja Sultani Mudhaffar ad-Din Kukburi, aliyetawala kuanzia mwaka 586 H hadi 630 H (1190 hadi 1233). Akaujengea ukuta na masoko, wageni wakahamia kwa wingi, na mji ukakua.

Huyu Mudhaffar ad-Din alikuwa shemeji yake Salahuddin al-Ayyubi. Alipigana pamoja naye katika vita vya Hittin mwaka 583 H (1187), na alimuoa dada yake, Bibi Rabia Khatun. Kuna kisa kimepokewa kutoka kwa bibi huyo kwamba mumewe alikuwa akivaa kanzu ya pamba nzito isiyofika thamani ya dirham 5. Akamlaumu, kama wake wanavyowalaumu waume zao. Naye akamjibu kuwa kuvaa nguo ya dirham 5 na kilichobaki akakitoa sadaka ni bora kwake kuliko kuvaa nguo ya thamani na kumwacha fakiri.

Na sadaka hiyo ilikwenda wapi? Hapa ndipo tunapotaka wazazi wasimame kidogo. Alijenga majumba manne ya vipofu na wagonjwa wasiopona. Akajenga nyumba ya wajane, nyumba ya mayatima, na nyumba ya watoto wa kuokotwa, wale waliotupwa na mama zao, na humo akaweka wanawake wa kuwanyonyesha. Kila Jumatatu na Alkhamisi baada ya Alasiri alikuwa akizizuru nyumba za vipofu na wagonjwa, akiingia kwa mmoja mmoja na kumuuliza hali yake. Kila mwaka alikuwa akitoa mali kuwakomboa Waislamu waliotekwa na Wafaranji.

Ama Maulidi yenyewe, aliyetusimulia kwa urefu ni Ibn Khallikan, kadhi na mwandishi mashuhuri wa wasifu wa watu. Naye hakusikia tu. Alizaliwa Irbil mwaka 608 H (1211), ndani ya madrasa ya Sultani huyo, kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu hapo. Baba akafariki mwaka 610 H, mtoto akiwa na miaka miwili. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika mji huo akiwa yatima wa mwalimu wa madrasa, na akaiona sherehe hiyo mwaka hadi mwaka mpaka alipoondoka mwaka 626 H.

Anasema matayarisho yalianza mwezi wa Safar, yaani Mfungo Tano. Yalisimamishwa mabanda makubwa ya mbao 20 au zaidi, kila moja la ghorofa 4 au 5, moja la Sultani na mengine ya maamiri wake, nayo yakapambwa. Ndani yake walikaa waimbaji, wapigaji ala na wachezesha vivuli. Shughuli za watu zikasimama, kazi ikawa ni kutembea na kutazama. (Vijana wetu wanaodhani mabanda ya sherehe na michezo ya watoto ni mambo ya zama hizi, nawasome hapa mara mbili.) Kila siku baada ya Alasiri Sultani alishuka na kupita banda kwa banda. Wageni walikuja kutoka Baghdad, Mosul, Sinjar na Nisibin: wanazuoni, masufi, mawaidhi, wasomaji Qur'ani na washairi.

Kwa kuwa wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu tarehe ya kuzaliwa Mtume (S.A.W.), mwaka mmoja Maulidi ilifanywa tarehe 8 na mwaka wa pili tarehe 12. Hili limetupendeza sana. Sisi tumeona misikiti miwili ya mtaa mmoja ikinuniana kwa tofauti ya siku moja, na pale Irbil walizipa zamu kauli mbili.

Zikibaki siku mbili, ngamia, ng'ombe na mbuzi na kondoo wasiohesabika walitolewa kwa ngoma na nyimbo mpaka uwanjani, wakachinjwa na vyungu vikainjikwa. Usiku wa Maulidi, baada ya Magharibi, palikuwa na nyimbo za kumsifu Mtume (S.A.W.) ngomeni, kisha Sultani akateremka na mbele yake mishumaa mingi. Asubuhi waadhi walipanda mimbari, jeshi likapita, na chakula kikatandikwa uwanjani kwa ajili ya mafakiri.

Sibt Ibn al-Jawzi amenukuu kwa mtu aliyehudhuria kwamba katika karamu mojawapo alihesabu vichwa 5,000 vya kondoo wa kuchoma, kuku 10,000 na sahani 30,000 za halwa, na kwamba Maulidi ilikula dinari 300,000 kwa mwaka. Sisi tunazipokea hesabu hizi kwa hadhari, maana mgeni aliyeshiba hahesabu sawasawa. Lakini hata ukizigawa kwa kumi, bado ni mali nyingi kwa mji usio na mto.

Basi mali hiyo ilitoka wapi?

Turudi kwa Yaqut. Huyu aliwahi kuwa mtumwa wa mfanyabiashara, akaachwa huru, akaishi kwa biashara na kunakili vitabu, na akafariki mwaka 626 H (1229), Sultani akiwa bado hai. Aliandika kuwa tabia ya mtawala wa Irbil ni yenye kupingana: huwadhulumu sana raia zake na kuchukua mali zao pasipo haki, na papo hapo huwafadhili mafakiri, huwatolea wageni sadaka na kuwakomboa mateka.

Wako wanaomsoma Ibn Khallikan peke yake wakatoka na mtawala asiye na ila, na wako wanaomsoma Yaqut peke yake wakaitupa sherehe yote. Sisi tunaona wote wawili wamesema kweli waliyoiona. Yatima wa mwalimu, aliyelelewa kwa wakfu wa Sultani, aliuona mkono unaotoa. Aliyezunguka masokoni aliuona mkono unaochukua. Na Ibn Khallikan hakuficha deni lake: anasema wazi kuwa Sultani huyo alikuwa na haki juu ya familia yao zisizolipika, na kwamba hakuongeza chumvi, bali ameacha mengi kwa kufupisha.

Swali la Yaqut halikuzikwa naye. Kamati zetu zinapopita nyumba kwa nyumba na daftari, kila familia ikiandikiwa kiwango, hufika pia kwa mjane anayeuza maandazi, na jina lake likisomwa msikitini kuwa hajamaliza, huona haya kuja kula pilau ambayo ilipikwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Mudhaffar ad-Din alifariki Ramadhani mwaka 630 H (1233). Alikuwa ameusia azikwe Makka, lakini msafara wa Hijja ulirudi njiani mwaka uliofuata, akazikwa Kufa. Mwaka 634 H (1236) Wamongoli wakauvamia mji wa chini, wakaua na kuteka. Ngome haikuangukia mikononi mwao, lakini masoko na majumba yalikuwa chini. Mnara mmoja wa matofali wa zama hizo bado umesimama Irbil mpaka leo, nao unajulikana kwa jina lake, Mudhafariya.

Ibn Khallikan alikimaliza kitabu chake Cairo mwaka 672 H (1274), akiwa na umri wa miaka 64. Alikwisha kuwa kadhi mkuu wa Damascus, ameona miji mikubwa kuliko Irbil. Hata hivyo, alipofika kwenye habari za Maulidi ya mji wake alikumbuka mpaka namna mishumaa mikubwa ilivyobebwa: kila mmoja umefungwa juu ya nyumbu, na nyuma yake mtu ameushika usianguke.