Soko Lililoutangulia Mpaka

Sisi vijana tunaoota kuwa waandishi tuna ugonjwa mmoja. Tunadhani riwaya haianzi mpaka mhusika apande ndege. Mimi, mzaliwa wa Rau, nilimaliza kidato cha nne na daftari lililojaa habari za London na New York, miji ambayo sijaitia machoni. Siku nilipovuka mpaka kwa mara ya kwanza sikwenda majuu. Nilikwenda sokoni Taveta, Kenya, kupeleka salamu za bibi yangu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Daladala hadi Moshi mjini, Hiace hadi Holili, kisha bodaboda. Tangu 2016 pale mpakani pana kituo cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, unatoka na kuingia papo hapo. Kufumba na kufumbua nikawa nchi za nje, mtu wangu!

Nje yenyewe sasa: ndizi kama za kwetu, vitunguu, nyanya, mitumba inarushwa hewani, akina mama wamekaa chini na bidhaa zao, na mlima uleule wa Kilimanjaro unachungulia. Nikamwamkia mama mmoja na kumuuliza bei ya sado ya maharage. Akacheka. "Sado ni ya kwenu, kijana. Hapa twapima kwa gorogoro." Gorogoro ni kopo la kama kilo mbili. Halafu bei akanitajia kwa shilingi, ila shilingi yake siyo shilingi yangu. Basi mpaka nikauona hapo, kwenye kopo na kwenye noti.

Ni nani aliyeuweka? Mzungu Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883, hapakuwa na Kenya wala Tanganyika. Palikuwa na msitu wa mto Lumi, na Taveta ilikuwa kituo cha misafara itokayo Mombasa na Pangani. Wafanyabiashara wa pembe kama Jumbe Kimemeta wa Pangani waliijua vizuri. Wapagazi walipumzika, wakanunua chakula, wakatunga shanga upya kwa kipimo walichokitaka Wamaasai. Ukienda na kipimo kingine, mali yako haina soko. Kumbe kisa changu cha sado na gorogoro ni cha zamani!

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kwamba mstari upite katikati ya nchi ya Taveta na Uchaga. Shuleni tulisikia kuwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi. Ni hadithi tamu, lakini mjukuu huyo, Wilhelm, alikuja kuwa Kaisari mwaka 1888, mstari ukiwa umeshachorwa. Haikuwa zawadi, yalikuwa mapatano ya wakubwa mezani. Agosti 1914 Wajerumani waliuvuka mstari huo na kuiteka Taveta, wakaikalia hadi Machi 1916. Mwaka 1966 Tanzania na Kenya zikaanza kutoa kila moja shilingi yake. Na Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka.

Hapo ndipo anapoingia Bibi. Alikuwa na mwenzake Taveta, mama muuza nafaka. Mwanzoni mwa mwaka huo alimwachia magunia mawili ya maharage kwa mali kauli, bila karatasi wala shahidi. Kabla hajarudi kuchukua pesa zake, njia ikafungwa. Wengine walipita njia za panya usiku. Bibi alijaribu mara moja, akakamatwa, mzigo ukaenda, akakoma.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Bibi alikwenda bila matumaini. Yule mwenzake alipomwona hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na kitambaa chenye fundo, na ndani ya fundo zilikuwamo pesa za magunia mawili, kamili. Thamani yake ilishashuka, lakini Bibi hajawahi kulalamika. Serikali zilishindwa kuelewana juu ya ndege na reli, wanawake wawili wakaweza kutunza deni kwa zaidi ya miaka sita.

Niliulizia mwenzake Bibi meza hadi meza. Alishafariki. Nilioneshwa binti yake, naye mtu mzima sasa, anauza ndengu palepale. Nilipotaja jina la Bibi alinishika mkono, akaketi. Kisha akanipimia gorogoro moja ya ndengu. Nikatoa pesa, akazikataa.

"Mwambie mama ni mali kauli," alisema. "Nitazifuata mwenyewe Rau."

Nimesoma kwamba mpaka hutenganisha watu. Ni kweli, na Bibi alipoteza mzigo wake kwa sababu hiyo. Lakini soko lile lilikuwapo kabla ya mstari, na kanuni yake ya kuaminiana haikusubiri saini ya mkubwa yeyote.

Nyumbani Bibi alizimimina zile ndengu kwenye sado. Hazikujaa. Akazitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Haya, mjukuu wangu. Hiyo nafasi iliyobaki tutaijaza akija."