Kuziba mapengo kwenye ua wa bustani

Ua wa miti ukitoboka, mbuzi mmoja anatosha kumaliza kabichi za msimu mzima, na mara nyingi kesi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa wakulima wa Njombe na Makambako, vifaa vya kuziba pengo hilo viko jirani, ila fito peke yake hazitoshi.

Anza na sababu. Pengo linaweza kutokana na njia ya mifugo, moto wa kiangazi au kivuli cha mti mkubwa. Sababu isipoondolewa, pengo litarudi.

Kisha angalia ni mti gani. Mchongoma ukikatwa huchipua, hivyo punguza matawi ya pembeni mwa pengo ili ujaze kuanzia chini. Msaipresi ni tofauti: ukiukata hadi kwenye tawi lisilo na majani, hapo hauchipui tena. Pengo lake huzibwa kwa kupanda upya.

Kwa kinga ya muda, chomeka vigingi vya miwati kila baada ya nusu mita, kisha suka fito za mianzi katikati yake. Miwati ni mingi Njombe kwa sababu ilipandwa katika mashamba makubwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Usitumie matawi yenye maganda, kwani mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi na kuota hasa baada ya moto.

Fito zitaoza. Kazi yake ni kulinda miche hadi ikomae. Panda mvua zinapokolea, Desemba, ili mizizi ishike kabla ya baridi ya Juni na Julai, ambayo huweza kugandisha umande. Chimba mtaro, kata mizizi ya ua wa zamani iliyoingia humo, maana ndiyo inayonyonya maji ya miche, kisha changanya udongo na samadi iliyooza. Panda michongoma kwa mistari miwili, sentimita 30 kati ya mche na mche. Ikifika magotini, kata ncha ili itanue matawi.

Wengine hutumia minyaa, kwa kuwa huota kwa kipande cha tawi tu. Lakini haivumilii baridi inayogandisha, na utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Usiipande mahali watoto wanapochezea.